Filamu iliyosahauliwa ofisini, ikapendwa sebuleni

Mwaka 1974 kampuni ya National Telefilm Associates ya Marekani ilitakiwa kupeleka fomu moja kwenye Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo. Fomu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ya kuomba filamu moja kuukuu, isiyo na rangi, iongezewe muda wa kulindwa na sheria. Haikupelekwa. Filamu ilikuwa imetimiza miaka 28, ilikula hasara tangu ilipotoka, na katika ghala la kampuni ilikuwa moja tu kati ya nyingi. Nani angegutuka?

Filamu hiyo ni It's a Wonderful Life ya mwongozaji Frank Capra. Kila Desemba, watu wanapoeleza kwa nini Wamarekani hawaoni Krismasi imetimia bila kuitazama, kosa lile la ofisini ndilo linalotajwa kwanza. Maelezo yenyewe ni mafupi: hakimiliki iliisha, vituo vya televisheni vikaionyesha bure, watu wakaizoea, mazoea yakageuka mapenzi. Ukiyasikia haraka unaridhika. Ukikaa nayo kidogo unaona yanavuja mahali. Vitu vya bure ni vingi, na vingi vinaozea hapo hapo vilipo.

Nitaanza na upande wa sheria, maana umezungushiwa hadithi nyingi za mtaani, kisha nije kwenye filamu yenyewe, ambayo naona wengi wanaisifia kitu ambacho haina.

Chanzo chake si sinema hata kidogo. Philip Van Doren Stern alikuwa mhariri na mwandishi wa vitabu vya historia huko New York. Mwaka 1938 lilimjia wazo la mtu anayetamani asingezaliwa, akapewa nafasi ya kuiona dunia ambayo yeye hayumo. Alilihangaikia wazo hilo hadi 1943, akaizungusha hadithi kwa wachapishaji, wote wakamrudishia. Basi akachapisha mwenyewe nakala 200 za kijitabu chembamba, akakiita The Greatest Gift, akawatumia ndugu na marafiki badala ya kadi za Krismasi. Kadi ile ilifika Hollywood. Studio ya RKO ikanunua haki kwa dola 10,000, ikidhani itamfaa mwigizaji Cary Grant. Wakaitwa waandishi wa kuigeuza mswada, tena si wa kubahatisha: Dalton Trumbo, Marc Connelly, Clifford Odets. Mswada haukukaa sawa. RKO ikachoka, ikamuuzia Capra, ambaye alikuwa ametoka jeshini kutengeneza filamu za kuwaeleza askari kwa nini wanapigana, na sasa anaanzisha kampuni yake, Liberty Films.

Shika jambo moja hapo, tutalirudia: hadithi ya Stern ilikuwa na hakimiliki yake yenyewe, mbali kabisa na ya filamu.

Walipiga filamu kuanzia Aprili hadi Julai 1946 katika eneo la RKO huko Encino, California. Majira ya joto, na waigizaji wamevaa makoti mazito. Ukimwangalia kwa makini James Stewart, anayeigiza mhusika mkuu George Bailey, katika tukio la darajani utaona uso unameta kwa jasho, ilhali theluji inamwangukia. Theluji ya sinema za wakati ule mara nyingi ilikuwa kornifleksi zilizopakwa rangi nyeupe, na kornifleksi zikikanyagwa zinapiga kelele kiasi kwamba maneno yalibidi yarekodiwe upya baadaye. Capra alitaka sauti halisi ya watu wanaozungumza nje. Mafundi wa RKO wakiongozwa na Russell Shearman wakachanganya povu la kuzimia moto, sabuni, maji na sukari, wakalirusha kwa mashine ya upepo. Kwa ubunifu huo walipata tuzo ya kiufundi kutoka Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar. Ndiyo tuzo pekee ya Academy iliyotokana na filamu hii. Iliteuliwa kuwania Oscar tano, zikiwemo za filamu bora, mwongozaji na mwigizaji mkuu, ikatoka mikono mitupu. Oscar ya filamu bora na ya mwongozaji zilikwenda kwa The Best Years of Our Lives ya William Wyler, ambaye, kwa mzaha wa mambo, alikuwa mbia wa Capra katika Liberty Films.

Fedha nazo hazikurudi. Onyesho la kwanza lilifanyika New York tarehe 20 Desemba 1946, lakini nchi nzima iliipata kuanzia Januari 1947, miti ya Krismasi ikiwa imeshatupwa nje. Hesabu za RKO zilionyesha hasara ya dola 525,000. Mwaka huo huo Liberty Films ikauzwa kwa Paramount. Filamu ikaanza kuhama mikono, hadi ikaishia kwa National Telefilm Associates, kampuni iliyokuwa ikisambaza filamu kwa vituo vya televisheni.

Sasa sheria. Kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909, kazi ililindwa kwa miaka 28. Ilipokaribia kuisha, mwenye mali alitakiwa aombe mwenyewe kuhuisha ulinzi huo kwa kipindi kingine cha miaka 28. Akisahau, hakuna wa kumkumbusha, na kazi inaingia katika milki ya umma: yeyote anaweza kuinakili, kuiuza au kuionyesha bila kumlipa mtu mrabaha. Ndicho kilichoipata filamu ya Capra mwaka 1974.

Vituo vya televisheni vya mikoani vilifurahi. Desemba ni mwezi wenye saa nyingi za kujaza, na hapa kuna filamu ya zaidi ya saa mbili, ina Krismasi ndani yake, ina James Stewart, na bei yake ni sifuri. Waliirusha mchana, waliirusha usiku wa manane, vituo viwili vya mji mmoja waliirusha siku moja. Kanda za video za bei poa zikafuata, nyingi zikiwa nakala ya nakala, zenye giza na mikwaruzo. Mwaka 1984 Capra, mzee wa miaka themanini na kitu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba filamu sasa ina maisha yake yenyewe, na yeye anajiona kama mzazi ambaye mwanawe amekuwa rais: anajivunia, lakini kazi kaifanya mtoto.

Kisha mwaka 1993 bomba likafungwa. Kampuni ile ile iliyosahau fomu, sasa ikijiita Republic Pictures, ilisimama na kusema hakuna tena kuonyesha bure. Watu wengi walidhani ni ujanja. Filamu imeshakuwa ya umma, itarudije kwa mwenyewe?

Mkazi wa Mombasa anaweza kulielewa jambo hili kuliko mwanasheria wa New York. Pwani ya Kenya kuna mitaa mizima ambako nyumba ni ya huyu na kiwanja ni cha yule. Unaweza kuinunua nyumba, ukaibomoa, ukaijenga upya, lakini kodi ya ardhi utaendelea kuilipa kwa mwenye kiwanja. Filamu ya Capra ilikuwa nyumba. Hadithi ya Stern ilikuwa kiwanja. Aliyesahau fomu aliitelekeza nyumba, na wapita njia wakaingia. Ila hakimiliki ya hadithi ilikuwa imehuishwa vizuri mwaka 1971, na hakuna anayeweza kuionyesha filamu ile bila kuionyesha pia hadithi iliyo ndani yake. Republic ilikuwa na haki za hadithi, ikanunua na haki za muziki uliotungwa na Dimitri Tiomkin, na mlango ukawa wake tena, ingawa picha zenyewe hazikurudishiwa hakimiliki.

Kilichompa Republic ubavu wa kusimama ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1990, kesi inayoitwa Stewart v. Abend. Ilihusu filamu nyingine kabisa, Rear Window ya Alfred Hitchcock, iliyotokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich. Woolrich alifariki mwaka 1968, kabla ya wakati wa kuhuisha hakimiliki, na Sheldon Abend akainunua haki ya kipindi cha pili. Mahakama ilisema wenye filamu hawawezi kuendelea kuichuma bila idhini ya mwenye hadithi. Na huyo Stewart wa kwenye jina la kesi ni nani? James Stewart mwenyewe, aliyekuwa na hisa katika Rear Window. Alishindwa mahakamani kwa filamu moja, na kushindwa kwake kukasaidia kuirudisha kizuizini filamu yake nyingine. Nimeisoma kesi hii mara mbili na bado nacheka.

Tangu 1994 kituo cha NBC ndicho kilichopewa haki ya kuirusha filamu hii kwenye mtandao wa kitaifa, mara chache tu kwa mwaka. Na hapa ndipo maelezo ya "ilipendwa kwa kuwa ilikuwa bure" yanapokwama. Mbona ubure uliisha na mapenzi hayakuisha?

Kuna ushahidi mwingine, na ninashangaa hautajwi sana. Capra huyo huyo alitengeneza mwaka 1941 filamu iitwayo Meet John Doe, yenye nyota wakubwa, Gary Cooper na Barbara Stanwyck. Inahusu mtu anayetarajiwa kujirusha kutoka juu ya jengo usiku wa mkesha wa Krismasi. Nayo imo katika milki ya umma. Mwongozaji mmoja, sikukuu moja, wazo karibu lile lile la mtu kutaka kujiua na kuokolewa na watu wa kawaida, na bei ile ile ya sifuri. Je, kuna familia inayokusanyika kila Krismasi kuitazama? Wapo wapenzi wa sinema wanaoijua. Bibi na wajukuu hawaijui.

Kwa hiyo fomu ilifungua mlango tu. Waliobaki ndani walibakishwa na kitu kingine.

Kitu hicho wengi wanakiita utamu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mtu ambaye hajaiona filamu hii, au aliiona akiwa mtoto, anakumbuka malaika, kengele, wimbo na familia imekumbatiana mbele ya mti. Hayo yote yapo, ila yapo mwishoni. Malaika Clarence anaonekana kwa macho baada ya zaidi ya saa moja na nusu. Muda wote kabla ya hapo unatazama habari ya George Bailey, mtu ambaye ananyimwa, kimoja baada ya kingine, kila alichokitaka maishani.

Kuna picha moja mwanzoni. Kijana George yuko dukani anachagua sanduku la safari, maana anaondoka kwenda kuiona dunia. Anapanua mikono kuonyesha ukubwa wa sanduku analolitaka, na filamu inasimama ghafla, mikono imepanuka hivyo hivyo, huku sauti za mbinguni zikiujadili uso wake. Ukiijua hadithi, picha hiyo inauma. Sanduku halitakwenda kokote. Baba anafariki kwa kiharusi. George anabaki kushika ofisi. Fedha za chuo anampa mdogo wake Harry, kwa makubaliano kwamba akirudi watabadilishana. Harry anarudi ameoa, na baba mkwe amempa kazi mji mwingine. Vita vinakuja, George hachukuliwi jeshini kwa sababu sikio lake moja halisikii, sikio alilolipoteza utotoni akimwokoa Harry aliyezama kwenye barafu. Harry ndiye anayekwenda vitani na kurudi shujaa.

Hata mapenzi hayaji kwa ulaini. Yuko kwa Mary Hatch, wote wawili wameubania sikioni mkono mmoja wa simu, upande wa pili rafiki yao tajiri anawahubiria biashara ya plastiki. Nyuso zao ziko karibu mno. George anaitupa simu, anamshika Mary mabegani na kumfokea kwamba yeye hataki plastiki, hataki kuoa, sasa wala milele, anataka kufanya mambo yake. Na anambusu hapo hapo, akilia. Ni tukio la mapenzi ambalo mwanamume anayatamka maneno ya kukataa kwa nguvu zake zote. Sijui filamu nyingine ya "familia" inayomwambia mtazamaji kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa dhati na bado akaomboleza kile alichokiacha.

Halafu kuna ofisi. Watu wanaiacha hii kama kitu cha pembeni, ilhali ndiyo uti wa mgongo. George anaendesha Bailey Building and Loan. Kwa lugha ya kwetu ni SACCOS ya nyumba: wanachama wanaweka akiba, akiba inakopeshwa kwa mwanachama mwingine ajenge, naye analipa kidogo kidogo, mzunguko unaendelea. Mpinzani wake, mzee Potter, anayeigizwa na Lionel Barrymore, ana benki na ana nyumba za kupangisha zilizochoka, na kila Bailey anapomsaidia mtu kujenga, Potter anampoteza mpangaji.

Siku ya harusi yake, George na Mary wako kwenye teksi wakielekea fungate, mvua inanyesha, wanaona watu wanakimbia. Benki imefungwa, wanachama wamejazana mlangoni mwa chama wanataka fedha zao. Anachofanya George ni kitu ambacho walimu wengi wa uchumi hawakiwezi: anawaeleza kwa dakika mbili fedha zao ziko wapi. Haziko kabatini, anasema. Zimo ndani ya nyumba ya Joe, ziko kwa jirani yule pale, na mnataka kufanya nini, kumtoa nje? Wakati huo huo Potter anatangaza kununua hisa zao kwa senti hamsini kwa kila dola. Wa kwanza kaunta, Tom, hababaiki: anataka dola zake 242, zote. Mary ananyanyua juu burungutu la dola 2,000 za fungate. George anaanza kugawa, akiwasihi kila mmoja achukue kinachomtosha tu hadi benki ifunguliwe. Wengine wanaomba ishirini. Kisha mama mmoja mnyonge anauliza kwa sauti ya chini, je, anaweza kupata dola 17 na senti 50? George anaegemea juu ya kaunta na kumbusu.

Senti hamsini zile zina kazi. Mtu aliyewahi kupiga hesabu ya mwisho wa mwezi anajua: mama yule amekaa usiku amejumlisha, unga, mafuta, kodi, na jibu lake si ishirini, ni kumi na saba na nusu. Saa kumi na mbili jioni ofisi inafungwa ikiwa imebakiwa na noti mbili za dola moja. Wanaziweka kwenye sinia na kuziingiza sefuni kwa maandamano.

Mwaka 1947 tukio kama hilo, pamoja na sura aliyopewa Potter, liliwafanya maofisa wa FBI waiandike filamu hii katika ripoti yao juu ya ukomunisti Hollywood, wakidai kwamba kuwachafua mabenki ni mbinu ya kawaida ya wakomunisti. Capra alikuwa mtu wa siasa za kihafidhina, alipinga sera za Rais Roosevelt, na alitoka Sicily mtoto wa maskini. Kama alikuwa na itikadi hapa ilikuwa ya mtu aliyewahi kudaiwa.

Deni ndilo linalomfikisha George darajani, akitaka kujirusha majini. Mkesha wa Krismasi, mjomba wake Billy anapeleka dola 8,000 za chama benki, anazifunga bila kujua ndani ya gazeti, na gazeti analikabidhi mikononi mwa Potter mwenyewe. Potter anaziona na ananyamaza. Hapo nyuma Potter alishampigia George hesabu ya mshahara wake: dola 45 kwa wiki. Kwa kiwango hicho, 8,000 ni zaidi ya miaka mitatu ya kazi bila kula. Na mkaguzi wa mahesabu ameshafika.

Ninachokiona kuwa kilele cha filamu ni dakika chache anaporudi nyumbani akiwa na siri hiyo. Mtoto mmoja anapiga piano wimbo ule ule, tena na tena. Mwingine anauliza ubani unaandikwaje. Wa tatu yuko ghorofani na homa. George anamfokea mwalimu wa mtoto kwenye simu, anauliza kwa sauti kwa nini wana watoto wote hawa, anaipiga teke na kuivunja meza yenye kijidaraja alichokuwa akikiunda. Kimya. Mke na watoto wamesimama wanamtazama kama mtu wasiyemjua. Anaomba radhi, anamwambia binti aendelee kupiga piano, binti hawezi. Nilipoiona filamu hii mara ya kwanza nilikuwa kijana, sehemu hiyo ilinipita tu, nikingojea malaika. Nikaiona tena nikiwa na watoto na mkopo wa benki. Niliinuka nikaenda kunywa maji.

Ndiyo sababu inarudiwa. Mtoto anatazama hadithi ya malaika; kijana anamwona mtu aliyenaswa na mji mdogo; mzazi anamwona mtu mwenye hofu ya ankara. Filamu ni ile ile, aliyebadilika ni aliyekaa kwenye kochi.

Stewart alikuwa na jambo lake pia. Alikuwa ametoka vitani, rubani wa ndege za mabomu aliyeruka mara 20 juu ya Ulaya ya Wajerumani, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza tangu arudi. Pale baa, George anapomwomba Mungu akikiri kwamba yeye si mtu wa kusali, Stewart alisimulia baadaye kwamba kilio kilimjia bila kupangwa, na kamera ilikuwa mbali. Badala ya kurudia, Capra aliikuza picha maabara hadi uso ukajaa. Na tazama sala ile inavyojibiwa: jirani yake kaunta, mume wa yule mwalimu aliyefokewa, anageuka na kumpiga ngumi ya mdomo. Filamu yenye haya ingeleta nuru kutoka dirishani.

Sisemi haina kasoro. Annie, mfanyakazi wa ndani mweusi anayeigizwa na Lillian Randolph, anapewa vichekesho na hapewi maisha. Hata mwishoni anapotoa akiba yake mezani, mzaha ndio unaotangulia. Katika ile dunia ambayo George hakuzaliwa, anayoonyeshwa na malaika, tunatakiwa tushtuke kumwona Mary ni mkutubi asiyeolewa, mwenye miwani, kana kwamba kufanya kazi maktaba ni balaa la kulinganishwa na kaburi la Harry. Na mji wenyewe wa jinamizi, Pottersville, umejaa taa, baa na muziki, hadi watazamaji wengine wamesema wazi kwamba wangehamia huko. Nawaelewa. Capra alitaka kuonyesha jehanamu, akajenga mtaa wenye wateja.

Lakini kuna uamuzi mmoja ambao kwangu unafunika hayo. Kanuni za maadili za Hollywood za wakati ule zilitaka mwovu alipe. Potter halipi. Hakamatwi, haumbuliwi, hakuna hata anayejua kwamba alizichukua. Majirani wanamwaga noti na sarafu mezani, yule rafiki wa plastiki anatuma telegramu ya kukopesha hadi dola 25,000, watu wanaimba, lakini kumbuka hesabu: hizo dola 8,000 za chama bado ziko kwa Potter. Pengo limezibwa kwa mifuko ya watu ambao wengi wao ni wale wale wa siku ya mvua, na mama wa kumi na saba na nusu aweza kuwa mmoja wao. Aliyeona harambee ya kumtoa mtu hospitali anazijua nyuso za namna hiyo. Furaha ipo, na kesho yake kila mmoja ana upungufu kidogo nyumbani.

George naye hakupata alichokuwa amekitaka. Hakusafiri. Sikio halikufunguka. Nyumba ni ile ile kuukuu waliyoipiga mawe madirisha usiku wa ujana wao. Katika ngazi za nyumba hiyo kuna kichwa cha nguzo, kile kidude cha mbao unachokishika ukipanda, ambacho kila akikishika kinachomoka mkononi. Tumeona kikimchomokea usiku ule wa hasira, akakaribia kukitupa. Anaporudi kutoka darajani akikimbia, akipiga kelele za Krismasi njema kwa kila jengo la mji, anarukia ngazi kuwafuata watoto, na kidude kinachomoka tena. Anakibusu, anakirudisha juu ya nguzo kikiwa bado kimelegea, anaendelea kupanda.